KISIWA KILICHODUMU NA VISIWA VILIVYOLIWA NA BAHARI

Watu wengi hudhani ya kuwa kisiwa kikiisha kutokea baharini hudumu milele. Sivyo. Viko visiwa vilivyozaliwa na moto wa chini ya nchi, vikakaa miezi michache tu, kisha vikaliwa na mawimbi. Mfano ulionekana kusini ya nchi ya Aisilandi, katika Bahari ya Atlantiki.

Asubuhi ya tarehe 14 Novemba, 1963, wavuvi waliona moshi mweusi ukipanda kutoka baharini. Walidhani ni chombo kinachoungua, wakakikaribia; kumbe ni volkeno iliyopasuka chini ya maji yenye kina cha mita 130 hivi. Siku ya pili yake nchi mpya ilikwisha kuchomoza. Iliitwa Surtsey, yaani Kisiwa cha Surtur, ambaye katika hadithi za kale za huko ni jitu la moto.

Baadaye palizuka karibu yake visiwa viwili vidogo zaidi. Cha kwanza, Syrtlingur, kilitokea mwezi wa Mei 1965, na kabla ya mwaka huo kwisha kilikuwa kimetoweka. Cha pili, Jólnir, kilitokea mwisho wa mwaka huo huo wa 1965. Moto wake ulizimika Agosti 1966, na miezi michache baadaye bahari ilikuwa imekifuta.

Kwa nini ndugu hawa wawili walipotea, na Surtsey ikasalia? Sababu ni namna ya mawe yao. Mawe yaliyoyeyuka yakikutana na maji ya bahari hupasuka kwa kishindo, kama maji yamwagwapo juu ya chuma chekundu cha mhunzi, yakawa majivu na changarawe. Majivu hayo hurundikana upesi, lakini hayashikamani. Syrtlingur na Jólnir vilikuwa marundo ya namna hiyo tu.

Surtsey nayo ilianza hivyo hivyo. Lakini rundo lake lilikua hata likazuia maji yasiingie katika kinywa cha volkeno. Basi mwezi wa Aprili 1964 mawe yaliyoyeyuka, yaitwayo lava, yakaanza kutiririka pasipo kupasuka, yakapoa na kuwa mwamba mgumu, kama ngao mbele ya mawimbi. Tena, joto na mvuke uliobaki ndani uliyageuza majivu mengi kuwa jiwe, mithili ya saruji ikauke.

Moto wa Surtsey ulikoma tarehe 5 Juni, 1967, kisiwa kikiwa na eneo la kilomita za mraba 2.7 hivi. Tangu hapo yapata nusu yake imekwisha kuliwa. Wataalamu hutazamia ya kuwa sehemu laini zitaendelea kumomonyoka, na kiini kigumu kitasimama kwa muda mrefu sana, kama visiwa vya kale vilivyo jirani yake.

Tangu mwanzo kisiwa hicho kimelindwa. Wataalamu wachache tu huruhusiwa kukanyaga huko, ili ijulikane jinsi mimea, ndege na wadudu wanavyoihamia nchi mpya. Mwaka 2008 kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa hiyo, atakaye kujua kama kisiwa cha volkeno kitadumu asitazame ukubwa wake peke yake. Na aulize kwanza: Kimefanywa kwa jiwe gani?