Jagina Asiye na Siri: Usawiri wa Seiya katika Saint Seiya

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hukariri sifa za jagina tangu shule ya upili: jagina huzaliwa au hukua kwa namna isiyo ya kawaida, huwa na nguvu zipitazo za binadamu, huficha siri ya nguvu hizo, husalitiwa na mtu wa karibu na hatimaye hufa kifo cha kusikitisha. Orodha hii ina manufaa yake. Hata hivyo, ina hatari pia, kwa kuwa humfanya mwanafunzi adhani kwamba kuzitaja sifa ni sawa na kuueleza ujagina. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kiini cha ujagina kimo katika wajibu anaoukubali mhusika kwa ajili ya wengine. Kielelezo kinachotumiwa ni Seiya, mhusika mkuu wa hadithi ya Kijapani iitwayo Saint Seiya. Kwa madhumuni ya ulinganishi, atatazamwa sambamba na Fumo Liyongo, jagina wa Waswahili ambaye habari zake zimehifadhiwa katika utenzi wa Muhamadi Kijumwa.

Usuli wa Hadithi

Saint Seiya ni manga, yaani hadithi ya katuni, iliyotungwa na kuchorwa na Masami Kurumada. Ilichapishwa kwa mfululizo katika jarida la Weekly Shonen Jump kati ya 1986 na 1990, kisha ikakusanywa katika juzuu 28. Kampuni ya Toei Animation iliigeuza kuwa anime, yaani filamu ya katuni, yenye vipindi 114 vilivyoonyeshwa Japani kati ya 1986 na 1989. Ufaransa iliipokea mwaka 1988 na Brazil mwaka 1994, na katika nchi zote mbili ilipendwa mno na vijana.

Hadithi yenyewe imechota visasili vya Wagiriki. Mungu wa kike Athena huzaliwa upya duniani kila uovu unapotishia kuutawala ulimwengu, naye hulindwa na vijana ambao kila mmoja ana kundinyota lake. Vijana hawa huvaa deraya za daraja tatu: shaba nyeusi, fedha na dhahabu. Nguvu zao huitwa kosmo, na hutokana na moto unaowaka ndani ya nafsi.

Seiya ni yatima wa Kijapani. Angali mtoto, anatenganishwa na dada yake, Seika, na kupelekwa Ugiriki, ambako anafunzwa kwa miaka sita na Marin, mlinzi wa daraja la fedha. Anamshinda Cassios, pandikizi la mtu, na kutunukiwa deraya ya Pegasus. Ni muhimu kutambua kwamba wakati huo Seiya hapiganii Athena wala ulimwengu. Anachotaka ni kumwona dada yake, kama alivyoahidiwa. Anaporejea Japani, anakuta Seika ametoweka.

Daraja la Chini

Deraya ya Seiya ni ya shaba nyeusi, daraja la chini kabisa. Mwandishi angeweza kumvika dhahabu tangu mwanzo, lakini hakufanya hivyo. Katika sehemu maarufu zaidi ya hadithi, Saori Kido, ambaye ndiye Athena aliyezaliwa upya, anachomwa kifuani kwa mshale wa dhahabu. Seiya na wenzake wana saa 12 tu za kupita katika nyumba 12 zinazolindwa na mabingwa wa dhahabu. Kwa kipimo cha nguvu pekee, safari hiyo ingekoma katika nyumba ya kwanza.

Aidha, Seiya hafiki mwisho wa safari hiyo peke yake. Shiryu, Hyoga, Shun na Ikki wanajitoa mhanga kwa zamu ili apite. Hata Cassios, hasimu wake wa zamani aliyekatwa sikio katika pambano lao, anakufa mikononi mwa Aiolia ili Seiya asiuawe. Anafanya hivyo kwa sababu anampenda Shaina, naye Shaina anampenda Seiya. Ushindi wa jagina huyu, basi, ni deni analodaiwa na wengi.

Hapa Kurumada anakigeuza kisasili chenyewe. Katika simulizi za Wagiriki, Bellerophon alimpanda Pegasus, farasi mwenye mbawa, akamuua dubwana Chimera, kisha akajaa kiburi na kutaka kuruka hadi makao ya miungu. Aliangushwa. Seiya naye anaifikia miungu na hata kupigana nayo, lakini anayapanda makao yao ili kuwakomboa wengine. Tendo ni lile lile. Nia ndiyo inayotofautiana.

Damu na Wajibu

Katika manga, msomaji anafahamishwa kwamba tajiri Mitsumasa Kido alikuwa baba mzazi wa watoto 100 waliotawanywa duniani wakatafute deraya, na ni 10 tu waliorudi. Anime iliiondoa habari hii na kuwafanya kuwa yatima wa kawaida, hivyo mhakiki hana budi kueleza ni matini ipi anayoirejelea. Katika matini ya manga, Seiya ni mwana aliyetolewa kafara na babake. Liyongo, kwa upande wake, ni baba aliyeuawa na mwanawe kwa tamaa ya ahadi za mtawala wa Pate. Wote wawili walisalitiwa na damu yao.

Hata hivyo, siri yao inatofautiana. Liyongo alidhurika kwa sindano ya shaba kitovuni tu, na aliyeijua siri hiyo aliweza kumuua. Seiya hana kitovu cha kufichwa. Udhaifu wake unajulikana na kila adui: lazima atasimama mbele ya Athena. Katika vita vya mwisho, upanga wa Hades unamchoma akimkinga Athena, muda mfupi baada ya dada yake kupatikana. Katika mwendelezo ulioanza mwaka 2006, Next Dimension, anaonekana akiwa katika kiti cha magurudumu.

Kasoro za Usawiri

Usawiri huu hauna ukamilifu. Seiya huanguka na kuinuka mara nyingi mno hata taharuki ikapungua. Isitoshe, walinzi wa kike hulazimika kuficha nyuso zao kwa vinyago, na Athena mwenyewe mara nyingi hungoja kuokolewa. Hadithi inayopindua ngazi ya shaba na dhahabu imeiacha ngazi ya kijinsia ikiwa imara.

Hitimisho

Tukizipima sifa zilizokaririwa, Seiya atakosa baadhi: hana siri ya nguvu, na daraja lake ni la chini. Hata hivyo, hakuna msomaji atakayekana kwamba ni jagina. Alianza kwa kumtafuta mtu mmoja wa damu yake, akaishia kuwakinga wengi wasio wa damu yake. Liyongo naye hakumbukwi kwa kimo chake pekee. Hata baada ya kufa, akiwa amepiga goti kisimani na mshale wake upindeni, waliomwonea hawakuthubutu kumsogelea. Inapendekezwa, kwa hivyo, kwamba swali la "Taja sifa za jagina" lifuatwe darasani na swali jingine: jagina huyu anadaiwa nini, na nani, na yuko tayari kulipa kwa kiasi gani?