Nukta Zinazofichua Mwendo: Mkato wa Poincaré

Mwanafunzi achorapo grafu ya pendulamu, kwa kawaida huweka wakati kwenye mhimili mlalo na umbali wa kijiwe kutoka katikati kwenye mhimili wima. Ipo njia nyingine ifichuayo zaidi. Wakati huachwa kabisa. Umbali huwekwa kwenye mhimili mlalo, na velositi kwenye mhimili wima. Kila nukta ya mchoro huo ni hali kamili ya pendulamu, nao mchoro waweza kuitwa uwanja wa hali. Bembea ndogo isiyo na msuguano huchora duaradufu inayorudiwa daima. Msuguano ukiwapo, mstari hujiviringisha kuelekea ndani hadi ukomee katikati.

Taabu huanza kitu kinapokwenda katika pande mbili, x na y. Hali yake yahitaji namba nne: mbili za mahali na mbili za velositi. Nishati isipobadilika, tatu zatosha, kwani ukubwa wa ya nne hupatikana kwa hesabu. Hata hivyo, njia iliyojizungusha mara elfu katika vipimo vitatu haisomeki kuliko uzi uliotatizana. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa Henri Poincaré alionyesha namna ya kuikata: huwekwa bapa, na kila njia inapolipenya kutoka upande uleule hutiwa nukta moja. Yanayobaki hayaangaliwi.

Mwaka 1964 Michel Hénon wa Ufaransa na Carl Heiles wa Marekani waliutumia mkato huo kwa swali la wanafalaki. Je, nyota izungukayo katika galaksi ina kiasi kingine kisichobadilika, zaidi ya vile vilivyokwisha kujulikana? Kikiwapo, nukta za njia moja hulazimika kujipanga juu ya mstari; kisipokuwapo, hutapakaa. Walichagua mfano sahili wenye nishati tuli

V = ½(x² + y²) + x²y − y³/3,

wakatia nukta kila x ilipokuwa 0, huku kompyuta ikifanya hesabu.

Kwa nishati 1/12, nukta zilijipanga kwenye mistari safi iliyojifunga. Kwa 1/8 vilibaki visiwa vya mistari, na kati yake nukta zilizotapakaa ovyo, zote zikiwa za njia moja tu! Kwa 1/6, kiwango ambacho kikipitwa nyota yaweza kutoroka, karibu uwanja wote ulijaa nukta zisizo na mpango. Milinganyo ilikuwa ileile; kilichoongezwa ni nishati. Basi swali la wanafalaki halikuwa na jibu moja: kiasi hicho huonekana kuwapo kwa njia fulani, na kwa nyingine hakipo.

Mwalimu atakayerudia hesabu hii kwa kompyuta ya shule asiridhike na nukta 20 zilizokaa vizuri. Nukta mia kadhaa zaweza kufuata mstari, kisha zikaanza kuuacha. Hata katika mchoro wa 1/12 umo ukanda mwembamba wa vurugu, ambao hauonekani mpaka sehemu yake ikuzwe mara nyingi na desimali za hesabu ziongezwe.