Salamu Hutolewa, Haidaiwi

Somo: Luka 10:5-6, Mathayo 5:47

Desemba ikifika, meseji zinaanza kuzunguka: Mkristo wa kweli hasemi "Happy Holidays", na ukiandika "Xmas" umemtoa Kristo.

Ubishi huu tumeupokea kutoka Marekani. Mwaka 2015 watu huko waliikasirikia Starbucks kwa sababu vikombe vyake vya msimu vilikuwa vyekundu tu, bila mapambo. Lakini mwaka 1659, koloni la Massachusetts liliweka faini ya shilingi 5 kwa anayeadhimisha Krismasi. Walioweka sheria hiyo walikuwa Wakristo, wakisema sikukuu hiyo haimo kwenye Biblia. Ilifutwa mwaka 1681. Na hiyo X? Ni herufi ya kwanza ya jina Kristo kwa Kigiriki. Kwa hivyo tusiharakishe kuhukumu.

Yesu anatufundisha nini kuhusu salamu?

1. Salamu inatangulia. Aliwaambia wanafunzi wakiingia nyumba yoyote, kwanza waitakie amani. Hawakungoja kujua mwenye nyumba anaamini nini.

2. Salamu haipotei. Asiyeipokea, amani yako inakurudia. Yesu hakusema ubishane naye mlangoni. Keshia wa supamaketi hawezi kukunyang'anya Krismasi.

3. Salamu inavuka ua. Ukiwasalimia ndugu zako tu, Yesu anauliza, umefanya nini cha ziada? Jirani Mwislamu naye yumo. Soja wa geti, anayekesha usiku wa Krismasi kama wale wachungaji wa kondoo, naye yumo.

Je, tufiche jina la Yesu? Hasha! Sema "Krismasi njema" kwa furaha, bila aibu. Lakini jina hilo likitoka na hasira, anayesikia hapati habari njema. Anasikia ugomvi tu.

Sasa tujipime. Kuna mtu ameweka "Heri ya Krismasi" kwa status watu wote waone, na ndugu yake wa tumbo moja hawajasalimiana tangu wagawane shamba. Mpendwa, salamu inayokosekana Krismasi hii huenda si ya dukani. Ni hiyo yako. Mpigie simu kabla ya tarehe 25. Wewe ndiwe utangulie.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyetujia tukiwa mbali, tupe moyo wa kutangulia kusalimia. Amina.