SOMO LA AFYA: MAWE YANAYOSAFISHA MAJI MACHAFU



Mji wetu wa Kigali umejengwa juu ya vilima. Maji ya kuogea na kufulia kutoka Kimisagara huteremka kwa mfereji wa Mpazi, huingia mto Nyabugogo, kisha Nyabarongo, na mwisho hufika Ziwa Viktoria. Kwa miaka mingi nyumba nyingi zimetegemea mashimo yao wenyewe. Shimo likifurika wakati wa mvua, anayeugua kuhara ni jirani wa bondeni. Tujifunze basi jinsi maji hayo yanavyosafishwa.

1. Nani anafanya kazi?
Jiwe la mtoni huteleza kwa sababu ya utando wa vijidudu hai. Vijidudu hivi hula uchafu ulioyeyuka majini. Huko Uingereza, tangu miaka ya 1890, watu walimwagia maji machafu juu ya marundo ya mawe, na utando ukayasafisha. Jiwe ni nyumba tu; kazi hufanywa na wakazi wake.

2. Nyumba iliyo bora
Vijidudu hukaa juu ya uso wa jiwe, kwa hiyo tunatafuta uso mkubwa. Chukua jiwe la mraba lenye sentimita 10 kila upande: uso wake ni sentimita za mraba 600. Likate vipande vya sentimita moja, utapata vipande 1,000 na uso wa 6,000, yaani mara kumi. Lakini vipande vidogo mno huziba haraka, maji na hewa visipite. Kokoto za ukubwa wa yai la kuku zinafaa. Mawe ya volkano ya upande wa Musanze ni mazuri, kwani ni magumu na yana matundu mengi. Wanorwe, miaka ya 1980, walianza kutengeneza vipande vya plastiki vyenye vyumba ndani, vinavyoelea na kuzunguka majini. Ila hivyo huhitaji pampu ya hewa na umeme.

3. Mambo ya kushika
(a) Maji yapite kwanza katika tangi la kutulizia uchafu mzito, la sivyo mawe yataziba.
(b) Maji yatiririke juu ya mawe, wala yasiyafunike, ili hewa ipite.
(c) Usimwage klorini nyingi wala oili chafu. Utaua wafanyakazi wako.
(d) Maji yatokayo si ya kunywa. Bado yana vijidudu vya maradhi.
(e) Mtu asiingie kamwe ndani ya tangi kulisafisha. Hewa ya mle huua kwa dakika chache, na anayemfuata kumwokoa hufa pia.

4. Wajibu wa chama
Pendekezo Na. 115 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1961, linahusu nyumba za wafanyakazi, na linataja uondoaji wa maji machafu. Basi tunapojadiliana na mwajiri juu ya nyumba za kiwandani au shambani, tusiishie kwenye bati na rangi. Tuulize pia: maji yakitoka hapa yanakwenda wapi?

Maswali ya kujadiliana tawini
1. Maji machafu ya kambi yenu yanaishia wapi?
2. Nani hunyonya tangi lenu, na kwa vifaa gani?
3. Mawe gani yenye matundu yanapatikana karibu nanyi?