Sufuria, bidoni na kikwembe: kumsaidia mtoto mwenye usonji nyumbani

Mtoto wa miaka mitatu anamshika mama yake mkono, anaupeleka mpaka kwenye mfuniko wa sufuria, bila kumtazama usoni wala kutoa neno. Hapa kwetu Kivu Kaskazini, iwe Kiwanja, Rubare au Rutshuru mjini, hakosi jirani wa kusema mtoto huyo ana kiburi, au ni bubu, au amerogwa. Lakini mtoto ameshasema: nina njaa, nifungulie. Anachokosa ni njia ambayo watu wengine wanaielewa, na njia hiyo anaweza kufundishwa hapohapo jikoni, na watu anaoishi nao.

Usonji, ambao hospitalini kwetu husikika zaidi kwa Kifaransa kama otisimu, ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu kabla hajazaliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Hauambukizi, wala hauletwi na chanjo. Daktari Leo Kanner aliuelezea mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye wazazi wa Ulaya na Marekani waliambiwa kwamba mama asiyempenda mwanawe ndiye chanzo. Waliumizwa bure, wazo hilo lilishakataliwa na wataalamu. Kwetu mzigo huohuo hutupiwa mtoto mwenyewe, akaitwa mchawi. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Muombee mtoto wako, ni haki yako, lakini asinyimwe chakula kwa ajili ya maombi, asifungwe kamba, asichanjwe chale. Hakuna dawa inayoondoa usonji, na anayekuuzia anakula pesa yako.

Kabla ya yote, angalia masikio. Simama nyuma ya mtoto, gonga sufuria, kisha siku nyingine mwite kwa sauti ya kawaida. Akiwa hashtuki kwa lolote, huenda hasikii, na hilo ni jambo jingine. Mpeleke hospitali pia akiwa amefika mwaka mmoja na hageuki akiitwa, haonyeshi kitu kwa kidole, au alikuwa na maneno yakapotea. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kuharibu usemi. Kifafa nacho huandamana mara nyingi na usonji, na chenyewe kina dawa. Usiiache dawa hiyo kwa sababu mtu amekuambia ni mapepo. Unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali Kuu ya Rutshuru. Goma kuna Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili cha Mafrere wa Charité, na Shirika la Umoja linalohudumia watoto wenye ulemavu.

Lakini Goma ni kilomita 70 hivi, na tangu waasi wa M23 walipoingia Rutshuru na Kiwanja mwezi wa Oktoba 2022, kisha Goma yenyewe Januari 2025, safari hiyo si ya kuifanya kila juma. Kwa hiyo kazi kubwa iko nyumbani. Hata Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya wazazi na walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yanayoweza kutolewa na watu wasio wataalamu: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Msingi wake ni michezo na kazi za kila siku. Mama wa Rutshuru anavyo vyote viwili.

Turudi kwenye sufuria. Mtoto akikuvuta mkono, chuchumaa uso wako uwe sawa na wake. Ngoja kidogo, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, ili apate nafasi ya kukutazama au kutoa sauti. Gusa mfuniko, sema neno moja, “fungua”, kisha fungua papo hapo. Usimwambie “sema kwanza ndipo nikupe”. Mtoto anayekomeshwa hivyo hujifunza kulia, hajifunzi kusema. Akishazoea, shika kidole chake taratibu kionyeshe mfuniko, halafu siku zinavyokwenda legeza mkono wako mpaka aonyeshe mwenyewe. Akitoa “fu”, pokea “fu” kwa furaha na umpe chakula. Kwa mtoto asiye na neno, tumia neno moja moja. Mwenye neno moja umpe mawili: “fungua sufuria”.

Sema naye lugha ya nyumbani. Wazazi wengi wa hapa Rutshuru hushauriwa waache Kinyarwanda au Kinande, mtoto asikie Kifaransa tu, eti asichanganyikiwe. Ushauri huo si sahihi. Utafiti umeonyesha kwamba lugha mbili hazimrudishi nyuma mtoto mwenye usonji. Kinachoweza kumrudisha nyuma ni mama kubanwa na lugha ambayo haimtoki vizuri, mwishowe akanyamaza.

Vitu navyo vinasema. Kabla ya kwenda kuchota maji, mpe mtoto kibidoni kidogo, kilekile kila mara. Ndala maana yake tunatoka, na kikwembe chake maana yake tunalala. Baada ya muda yeye ndiye atakuletea kibidoni, na siku hiyo ujue amekuambia jambo. Baadaye chora vitu hivyo kwa makaa kwenye kipande cha katoni. Wengine huogopa kwamba ishara na picha zitamfanya mvivu wa kusema. Hazizuii maneno, kwa watoto wengi zinayafungulia njia.

Maharagi yakichambuliwa, mkalishe karibu. Kama anapenda kuyapanga mstari, usimvurugie. Chukua punje yako, iweke mwishoni mwa mstari wake, sema “mimi”. Ngoja. Akiweka yake, sema “wewe”. Mchezo huo mdogo ndio unaomfundisha zamu, na mazungumzo yote ya wanadamu ni zamu. Akiondoka baada ya punje tatu, zinatosha, kesho mtaendelea.

Kazi ndefu ifundishe kuanzia mwisho. Katika kunawa, mfanyie yote, umwachie kufuta mikono tu. Akiweza, mwachie kusuuza na kufuta. Hivyo kila mara anamaliza yeye, na anapata sifa ya kumaliza. Ukimuuliza “unataka mukate?” naye akarudia “unataka mukate?”, usidhani anakudhihaki, mara nyingi ndiyo “ndiyo” yake. Mjibu kwa maneno ambayo angepaswa kutumia: “Nataka mukate,” kisha umpe.

Kuhusu vilio vya kujitupa chini: mvua juu ya mabati, honi za pikipiki, milio ya risasi, vyote vinaweza kumwumiza masikio kuliko tunavyofikiri. Fimbo inaongeza maumivu juu ya maumivu. Punguza maneno, mpeleke pembeni, mfunike na kikwembe chake kama anakipenda, kaa karibu. Akitulia, kumbuka kilichotangulia kilio, ili kesho ukiwahi. Familia ikilazimika kukimbia, kikwembe hicho kisiachwe, na huko mtakakofikia fuateni mpangilio uleule wa kula, kunawa na kulala, hata chini ya turubai. Shona namba ya simu ndani ya nguo yake. Watoto hawa hutoroka kimya, na wengi huvutwa na maji. Majirani wa nyumba kumi wajue jina lake na wajue kwamba hataitika akiitwa.

Kaka, dada na bibi wote watumie maneno na vitu vilevile, la sivyo mtoto atakuwa anaanza upya kila anapobadilisha mikono.

Umri wa shule ukifika, usimfiche. Sheria ya Kongo ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, na elimu ni mojawapo. Zungumza na direkta mapema, omba aanze kwa saa chache na akae mbali na kelele. Mpe mwalimu karatasi moja iliyoandikwa anachokipenda mtoto, kinachomtisha, na kila ishara yake na maana yake.