Dhima ya Lugha katika Chimbuko na Kinga ya Mauaji ya Kimbari

Mauaji ya kimbari huchochewa na uchu wa mamlaka, ugomvi wa ardhi na hofu. Hata hivyo, kabla ya jirani kuuawa, sharti kwanza apewe jina linalomvua utu. Makala haya yanajadili dhima ya jina hilo.

Runyenjes, katika Embu, inalifahamu chimbuko lake. Wakati wa Hali ya Hatari (1952–1960), serikali ya kikoloni iliwajumuisha Waembu, Wameru na Wakikuyu katika kundi moja la washukiwa. Mwezi wa Aprili 1954, maelfu yao walikamatwa Nairobi kwa misingi ya kabila; mashambani, familia zilihamishiwa vijiji vya lazima vilivyolindwa. Kabila likawa hatia.

Nchini Rwanda, mwaka 1994, redio RTLM iliwaita Watutsi *inyenzi*, yaani mende. Anayeua mende hajioni muuaji.

Kiswahili nacho hakikusalimika. Nchini Kenya, majirani wa makabila mengine waliitwa "madoadoa", na doa huondolewa. Baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 huadhibu matamshi ya chuki, lakini aghalabu hufika neno likiwa limekwisha kutamkwa. Mwalimu wa Kiswahili hutangulia. Afundishapo sitiari, asiishie kuuliza inafananisha nini na nini. Awaulize wanafunzi pia inamtoa nani katika ubinadamu, na kwa faida ya nani.