Utawala wa Sheria Baada ya Mapigano: Mfano wa Tarime na Serengeti

Swali la mfano: Koo mbili zimeacha kupigana na wazee wao wamepatana. Je, haki imetendeka? Jadili.

Mtahiniwa, swali la namna hii huwaangusha wengi kwa sababu hukimbilia kuorodhesha: elimu itolewe, polisi waongezwe, viongozi wahimize amani. Hoja hizo si za uongo, ila zinaweza kujibu swali lolote lile, na msahihishaji analijua hilo. Wewe anza na mahali halisi.

Chukua Mkoa wa Mara. Koo za Wakuria, kwa mfano Wanchari na Warenchoka wa Tarime, zimewahi kupigana kwa mishale na mapanga. Vyanzo vikubwa ni wizi wa mifugo, ambao Serengeti nayo inaufahamu vizuri, na ugomvi wa mipaka ya ardhi. Hali ilifika mahali serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya.

Sasa tazama sheria inavyovunjika. Ng'ombe wameibwa usiku. Nyayo zinaelekea upande wa ukoo wa pili. Mwizi hajulikani kwa jina, basi ukoo mzima unahesabiwa kuwa mwizi. Kijana asiyejua lolote anapigwa mshale akiwa shambani, na nyumba ya shangazi yake inachomwa moto. Hapa ndipo penye kiini cha mada: kosa la mtu mmoja limegeuzwa deni la watu wote. Utawala wa sheria unarudi pale tu anapotafutwa aliyetenda, naye akajibu kwa jina lake.

Wazee wana kazi kubwa hapa, usiwadharau katika jibu lako. Wakuria wana iritongo, mkutano wa jamii unaojadili makosa hadharani, na wao pia walipokea sungusungu, jeshi la jadi lililoanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Njia hizi zina haraka na watu wanaziamini. Lakini zina mpaka. Sungusungu waliwahi kuwachapa washukiwa ili wakiri, jambo linalopingana na Ibara ya 13(6) ya Katiba, inayokataza mateso na inayotaka mshtakiwa asitendewe kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Tena, wazee wanaweza kupatanisha koo, ila hawana mamlaka ya kumaliza kesi ya mauaji. Kwa Ibara ya 107A, kauli ya mwisho katika utoaji haki ni ya Mahakama.

Mahakama nayo ina udhaifu wake. Kesi inahitaji shahidi, na shahidi ni binamu ya mshtakiwa au jirani anayeogopa kuchomewa nyumba. Asipofika, mshtakiwa anaachiwa. Ndugu wa marehemu hawasemi "ushahidi haukutosha". Wanasema hakimu amekula rushwa, kisha wanachukua upinde. (Kwa maoni yangu, hoja hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo wanafunzi wengi huiacha.) Kwa hiyo taja Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Taja pia Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010: ng'ombe mwenye alama iliyosajiliwa ni ushahidi unaoelekeza kwa mtu, si kwa ukoo. Na umbali? Zamani kesi za Mahakama Kuu kutoka Mara zilikuwa chini ya Mwanza. Leo Musoma ina Mahakama Kuu.

Ukitaka mfano wa nje, tumia Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wapangaji wakuu walishtakiwa katika Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha hadi 2015, na washtakiwa wengi wa vijijini walihukumiwa na Gacaca, mabaraza ya wananchi yaliyofungwa 2012. Ukubwa wake haulingani kabisa na wa Tarime, liseme hilo wazi. Kinachofanana ni swali: nani alifanya nini, na nani alimwona?

Zoezi: Ukoo A umelipa ng'ombe 20 kwa familia ya marehemu wa ukoo B. Muuaji anajulikana na bado anaishi kijijini. Eleza kwa nini Jamhuri inaweza kumshtaki hata kama familia imeridhika. (Alama 15)